Mkuu wa shule kaniambia raia wa Afrika Mashariki haombi kibali cha kazi Uganda. Ni kweli?

Mwana_Kagera · Jumamosi, 21 Februari, saa 2:10 usiku

Salaam wakuu. Mimi ni Mtanzania, mwalimu wa Kiswahili. Nimepata kazi shule moja binafsi upande wa Masaka, nafundisha S1 na S2 (kidato cha kwanza na cha pili), maana mtaala wao ulioanza 2020 umelifanya somo letu kuwa la lazima kwa madarasa hayo na walimu hawatoshi. Mkataba ni wa miaka miwili, nilitia saini Jumatatu tarehe 2 mwezi huu. Niliingilia Mutukula, wakanigongea muhuri wa miezi sita kama mgeni wa kawaida.

Siku ya mkataba mkuu wa shule aliniahidi kwamba kibali kitashughulikiwa. Wiki jana nilipomkumbusha akaniambia raia wa Jumuiya haombi kibali, muhuri wa Mutukula unatosha, nifundishe tu. Jana mwalimu mwenzangu, Mkenya, akanivuta pembeni tukisubiri chai akaniambia nisilale.

Nani mkweli? Mke wangu na mtoto wako Bukoba wanasubiri niwaite. Sitaki niwalete halafu tufukuzwe wote watatu.

Boda_wa_Nyendo · saa 2:24 usiku

Karibu Masaka kaka. Huhitaji kitu. Soko la Pamoja lilishaanza tangu 2010. Mganda anafanya kazi Nairobi, Mkenya anafanya kazi Kampala, Mnyarwanda nampakia kila asubuhi akienda kazini kwake hapa hapa Nyendo na sijaona mtu akimuuliza karatasi. Fundisha watoto wetu, lala usingizi.

Karani_Mstaafu · saa 3:02 usiku

Boda, umeanza vizuri ukaishia njiani. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, hapo uko sawa. Lakini ina viambatisho viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku.

Cha kwanza kinahusu watu kutembeleana. Raia wa nchi mwanachama anaruhusiwa kuingia na kukaa hadi miezi sita. Hiyo ndiyo miezi sita aliyogongewa kijana wetu pale Mutukula.

Cha pili kinahusu wafanyakazi, na humo lugha inabadilika. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ulipofungwa. Mamlaka nayo ina siku 30 za kushughulikia ombi lake. Kibali cha kwanza kinaweza kufika miaka miwili, kisha kinahuishwa. Mwenye mkataba mfupi, usiozidi siku 90, huyo anapewa pasi maalumu.

Nimeshika mafaili ya wageni miaka mingi nikiwa upande wa mwajiri. Walioumia wengi walikuwa na muhuri mzuri kabisa kwenye pasipoti, ila ulikuwa muhuri wa kutembea na wao walikuwa wanapokea mshahara.

Nairobi_to_Kabalagala · saa 3:15 usiku

Karani amesema ukweli. Mimi ni Mkenya, niko Kampala mwaka wa tano. Ada ya kibali sikulipa hata shilingi, kwa sababu Kenya, Uganda na Rwanda zilifutiana ada. Lakini kuomba niliomba! Barua ya mwajiri, mkataba, vyeti, cheti cha polisi cha tabia njema kutoka nyumbani, karatasi za usajili wa kampuni na za kodi, picha. Zote zinapakiwa mtandaoni kwa mfumo wa Uhamiaji, halafu unasubiri.

Huyo mkuu nadhani amesikia "Wakenya hawalipi" akaelewa "hawaombi".

Boda_wa_Nyendo · saa 3:19 usiku

Sasa kama ni bure mnaomba ya nini?

Karani_Mstaafu · saa 3:21 usiku

Kitambulisho chako cha taifa ulilipia? Na foleni hukupanga?

Boda_wa_Nyendo · saa 3:22 usiku

Nilipanga mzee. Siku mbili 😂

Nesi_Mtanzania · saa 3:40 usiku

Nisaidie hapo kwenye ada. Nairobi amesema Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania hakuitaja, na hakusahau. Mimi ni Mtanzania, nauguza hospitali moja Mbarara, na mwajiri wangu alilipa. Nilipouliza kwa nini Mkenya wa wodi ya pili halipi, nikaambiwa ni suala la kulipizana: Mganda akienda kwetu anatozwa.

Na ni kweli anatozwa. Kwetu, tangu sheria ya 2015 ya ajira za wageni, mgeni anahitaji karatasi mbili: kibali cha kazi kutoka upande wa Kazi, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Dada Mganda niliyesoma naye alizunguka Dar mpaka viatu vikaisha soli.

Mukwano_Rubaga · saa 3:52 usiku

Hapo ndipo panaponiuma. Tanzania mwaka 2025 wamepiga marufuku wageni kufanya kazi kabisa, saluni, uwakala wa pesa za simu, mpaka kuongoza watalii. Halafu sisi tuwapokee kwa maua?

Nesi_Mtanzania · saa 4:05 usiku

Kaka, soma tena amri hiyo. Ile ya Julai 2025 inahusu leseni za biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Haihusu mwalimu au nesi aliyeajiriwa kwa mkataba. Uchungu wako naujua, lakini usiubebeshe mtu aliyekuja kufundisha watoto wako.

Mukwano_Rubaga · saa 4:11 usiku

Nimekuelewa nnyabo. Hapo nilichanganya. Ila kwenye ada bado nasema, wakifuta wao nasi tufute.

Afande_wa_Bombo · Jumapili, 22 Februari, saa 12:50 asubuhi

Habari za asubuhi. Mimi naona mnazunguka. Jumuiya ina nchi nane sasa, lakini nchi tano zilizoanza na Itifaki kila moja iliandika orodha yake ya aina za kazi ilizozifungua. Usidhani kila kazi iko wazi kwa kila mtu. Na Uganda ina sheria yake ya Uraia na Uhamiaji, yenye madaraja ya vibali kuanzia A. Huyu mwalimu mwacheni aende daraja F, la wataalamu. Ualimu ni taaluma.

Karani_Mstaafu · saa 1:30 asubuhi

Afande, nakuheshimu, ila F ni la mtaalamu anayekuja kufanya taaluma yake mwenyewe, kama mhandisi au daktari anayefungua ofisi. Aliyeajiriwa ni G. Ndani ya G kuna G1, wanamoingia watu wa kujitolea, wamisionari na wa mashirika ya hisani, na G2 la waajiriwa. Nimeona shule zikimwandikia mwalimu G1 na mshahara analipwa kila mwezi. Afisa akikuta karatasi ya malipo, aliyesimamishwa kizimbani si shule, ni mwalimu.

Kuhusu orodha za kazi, hapo una hoja. Wengine husema zilifungua tu mlango wa kuajiriwa bila kubaguliwa, wengine husema kazi isiyo kwenye orodha inarudi kwenye sheria ya kawaida ya nchi. Nimesikia maafisa wawili wa meza moja wakitofautiana.

Msomi_wa_Makerere · saa 2:15 asubuhi

Mwana_Kagera, hebu tuhesabu siku zako. Saini tarehe 2, Jumatatu. Anza kuhesabu tarehe 3. Wiki ya kwanza siku 4, ya pili siku 5, jumla 9. Wiki iliyopita siku 5, zinakuwa 14. Ya 15 ni kesho, Jumatatu tarehe 23.

Nairobi_to_Kabalagala · saa 2:20 asubuhi

Wewe uko Makerere na umesahau tarehe 16 ni sikukuu ya Askofu Mkuu Janani Luwum? Ofisi zilifungwa. Siku ya 15 ni Jumanne tarehe 24.

Msomi_wa_Makerere · saa 2:26 asubuhi

Kweli kabisa, nilikuwa nyumbani siku hiyo na bado nimeihesabu. Jumanne basi. Lakini mwalimu aichukue kesho kama ndiyo mwisho wake.

Mama_wa_Arua · saa 3:48 asubuhi

Wanangu, salamu kutoka West Nile. Nimesoma yote toka juu. Mnahesabu siku, mnahesabu madaraja, na swali moja hakuna aliyeuliza. Mwalimu, pasipoti yako iko wapi?

Mwana_Kagera · saa 4:30 asubuhi

Shikamoo mama. Iko ofisini kwa mkuu. Aliichukua siku ya mkataba, akasema ni kwa ajili ya kushughulikia kibali. Nina picha yake kwenye simu.

Mama_wa_Arua · saa 4:41 asubuhi

Marahaba. Sasa nisikilize.

Binti yangu alikwenda Riyadh kazi za nyumbani. Sisi Waganda tunaita kyeyo, ufagio, na wengi wanakwenda kushika ufagio kweli. Alipita kwa wakala. Kabla ya kupanda ndege wakala alikusanya pasipoti za wasichana wote kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Kule tajiri naye akaichukua. Pale mgeni anakaa kwa jina la tajiri wake, na karatasi yake ya ukaazi, iqama, inashughulikiwa na tajiri huyo. Iqama ilipoisha tajiri hakuihuisha, mwanangu akawa mkosaji bila kutoka nje ya geti. Alikuwa hana hata karatasi moja ya kuonyesha alivyoingia. Miezi saba nilikuwa nalala na simu kifuani.

Alirudi, Mungu mkubwa. Lakini kila nikisikia "pasipoti yako iko kwa mkubwa kwa ajili ya kibali", tumbo linanishika. Mkuu wako haombi kibali, kasema hakihitajiki. Basi pasipoti anaishikia nini?

Boda_wa_Nyendo · saa 4:50 asubuhi

Mama umenitoa jasho. Mwalimu, nafuta nililosema jana. Kesho nikupeleke hapo shuleni bure, tukaichukue.

Wakili_Kijiweni · saa 5:12 asubuhi

Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, mwajiri hana haki ya kuizuia. Akihitaji kuiona, anatoa nakala, anakurudishia palepale. Sheria ya Uganda ya 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu inagusa kuzuia hati za mtu pale inapofanywa kwa ajili ya kumtumikisha. Sisemi mkuu wako yuko huko. Wakuu wengi wanaweka tu kabatini kwa woga kwamba mwalimu atakimbia muhula katikati. Lakini iombe kwa maandishi, kwa adabu, na weka nakala ya barua.

Nesi_Mtanzania · saa 5:20 asubuhi

Naongeza: nakala ya mkataba pia. Unayo?

Mwana_Kagera · saa 5:31 asubuhi

Mkataba ninao. Na cheti cha polisi ninacho cha mwaka jana, nilikichukua Dar nikiomba kazi nyingine.

Nairobi_to_Kabalagala · saa 5:35 asubuhi

Cha mwaka jana wanaweza kukikataa. Changu cha miezi minne kilipita.

Nesi_Mtanzania · saa 5:37 asubuhi

Changu kilikuwa na miezi minane na kilipita pia. Peleka hicho, huku ukianza kufuatilia kipya.

Kivu_ya_Nakivale · saa 8:05 mchana

Jambo bandugu. Mimi niko Mkongomani, nilikimbilia Uganda, karatasi yangu ni ya mkimbizi. Nilisoma ufundi umeme. Kila nikipata kazi Kampala wananiuliza work pamiti. Nami nasikia sheria ya wakimbizi ya 2006 inanipa haki ya kufanya kazi. Na Kongo iliingia Jumuiya 2022. Sasa mimi napita mlango gani?

Msomi_wa_Makerere · saa 8:40 mchana

Sheria ya 2006 inasema wazi kwamba mkimbizi anaruhusiwa kuajiriwa. Shida iko kwa waajiri. Mwenye kiwanda anajua sheria moja tu, ile ya Uhamiaji inayomtaka asiajiri mgeni bila kibali, na anaogopa faini. Nenda ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia wakimbizi, omba barua, umpelekee mwajiri.

Afande_wa_Bombo · saa 9:02 alasiri

Mimi naona apite mlango wa Jumuiya. Achukue pasipoti ya Kongo, aombe G2 kama wengine. Haraka zaidi.

Wakili_Kijiweni · saa 9:10 alasiri

Hapana afande, hapo unampeleka kubaya. Mkimbizi akienda kwa hiari kuchukua pasipoti ya nchi aliyoikimbia, anaweza kuhesabiwa kwamba amerudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo, na hadhi yake ya ukimbizi ikaanza kuhojiwa. Iko kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kivu, usiguse pasipoti kabla ya kuzungumza na watu wanaoshughulikia kesi yako.

Kivu_ya_Nakivale · saa 9:25 alasiri

Aksanti sana wakili. Nilikuwa karibu kufanya hivyo. Ndugu yangu mmoja alisha kufanya.

Kijana_Ntinda · saa 10:15 jioni

Na sisi Waganda tunaotaka kutoka? Kayungirizi (dalali) mmoja ananiambia Uingereza inachukua wahudumu wa wazee, nitoe milioni kadhaa, visa ndani ya miezi miwili, na nitamchukua mke wangu.

Nesi_Mtanzania · saa 10:22 jioni

Usitoe hata mia! Uingereza iliwazuia wahudumu hao kuleta familia tangu tarehe 11 Machi 2024, na tarehe 22 Julai 2025 ikafunga kabisa kuwaajiri wapya kutoka nje. Huyo anakuuzia mlango uliozibwa tofali.

Mama_wa_Arua · saa 10:30 jioni

Mwanangu, hata kwa Uarabuni, anza Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kampuni zenye leseni zinaorodheshwa huko. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha wasichana wa kazi za ndani kwenda Saudia kwa sababu ya mateso, ikafungua tena 2017 baada ya makubaliano mapya. Wasichana waliendelea kwenda hata wakati imefungwa. Walipitishwa njia za panya, na hao ndio hawakuwa na wa kumlilia.

Boda_wa_Nyendo · saa 12:40 jioni

Mwalimu, wewe mtu wa Bukoba, senene wenu na wetu wa Masaka nani wazuri? Nauliza nijue kama nakusaidia ndugu au adui.

Mwana_Kagera · saa 12:55 jioni

Ndugu yangu, wanaruka juu ya mpaka bila pasipoti. Tuseme ni wale wale 😄

Afande_wa_Bombo · saa 1:04 usiku

Jibu la mwanadiplomasia. Mpeni kibali.

Mwana_Kagera · Jumanne, 24 Februari, saa 1:45 usiku

Wakuu, narudisha majibu.

Jana saa mbili asubuhi niliingia kwa mkuu na barua mbili: ya kuomba pasipoti, na nyingine nimeandika hesabu ya siku 15 kama mlivyonipa, pamoja na sikukuu ya tarehe 16. Boda alinisubiri getini kweli, Mungu ambariki. Mkuu alisoma polepole, akavua miwani. Hakukasirika. Alisema mwalimu aliyenitangulia, Mkenya, alijiombea mwenyewe, kwa hiyo yeye hajawahi kufanya kazi hiyo na alidhani haipo. Namwamini nusu. Mhasibu alikaa na mimi mpaka jioni tukiskani karatasi moja moja. Cheti cha usajili wa shule kilikuwa na ukungu pembeni, tukakiskani mara nne. Ombi limeingia leo saa nne asubuhi, G2, nina namba yake. Ada bado hatujaelewana: mfumo umeonyesha kiasi cha kulipa, mkuu anasema Afrika Mashariki ni bure, mhasibu anasema Mtanzania analipa. Wameniambia wataenda kuuliza Kampala. Na sijui kama ninaruhusiwa kuingia darasani wakati nasubiri. Karani?

Karani_Mstaafu · saa 2:00 usiku

Hongera. Kuhusu darasani, wapo watakaokwambia ombi likishaingia kwa wakati uko salama. Mimi nilikuwa nawaombea watu wangu pasi maalumu ya kufanyia kazi wakati tunasubiri, wala simpeleki mtu darasani bila hiyo. Mwambie mkuu aombe.

Nairobi_to_Kabalagala · saa 2:06 usiku

Mimi nilifanya kazi nikisubiri na hakuna aliyenigusa. Lakini mimi sikuwa na mtoto wa kuleta. Fuata ya Karani.

Mama_wa_Arua · saa 2:10 usiku

Na pasipoti?

Mwana_Kagera · saa 2:21 usiku

Ninayo mama, iko mfukoni hapa nikiandika. Mkuu aliitoa kwenye bahasha ya kaki kabatini. Lakini bahasha hiyo ilikuwa na pasipoti nyingine mbili.

Mama_wa_Arua · saa 2:22 usiku

Za nani?

Mwana_Kagera · saa 2:34 usiku

Moja sikuiona jina, ilikuwa chini. Nyingine ni ya Burundi, ya mpishi wetu. Ana mwaka na nusu hapa. Jioni hii nimekwenda jikoni nikamkuta anaosha sufuria za posho (ugali), nikamsomea uzi huu kwenye simu kuanzia swali lako. Alizima bomba ili asikie vizuri. Hajawahi kuomba kibali chochote, alijua mkuu ameshamwombea. Barua yake nimemwandikia, ameweka saini. Kesho saa mbili tunaingia ofisini wawili.